Kabla hamjanunua ngoma ya inchi 26

Tuseme kwaya yenu imechanga hela za dramu, na mmoja wenu anashikilia kuwa ngoma ya besi, ile ya kupigwa kwa mguu, lazima iwe ya inchi 26 badala ya 22 iliyozoeleka. Eti kubwa ndiyo nzito. Hebu tuangalie historia kwanza.

Mwishoni mwa karne ya 19, bendi za New Orleans zilipiga zikitembea barabarani, na ngoma ya besi ilikuwa na mpigaji wake. Ilibidi iwe kubwa kwa sababu spika hazikuwepo. Bendi zilipoingia ukumbini, mtu mmoja alianza kupiga ngoma zote akiwa ameketi. Mwaka 1909 kampuni ya Ludwig ya Chicago ilianza kuuza pedali yake, na kazi ya besi ikazidi kuhamia mguuni. Ngoma yenyewe haikupungua: Gene Krupa, nyota wa swing, alitumia ya inchi 26.

Miaka ya 1940 Kenny Clarke alihamishia mapigo ya msingi kwenye tasa, besi ikabaki ya kushtua hapa na pale. Miaka ya 1960 Tony Williams, akiwa na Miles Davis, alitumia ya inchi 18 tu! Kisha John Bonham wa Led Zeppelin akairudisha ya 26.

Sasa fizikia. Ngozi mbili za aina moja zikikazwa sawasawa, ya inchi 26 hutetema mara chache zaidi kwa sekunde, pungufu kwa kama asilimia 15 kuliko ya 22. Kwa hiyo sauti yake iko chini kidogo. Lakini ukiikaza zaidi kwa asilimia 40, sauti inapanda mpaka kulingana na ya 22. Kinachobaki ni eneo: ngozi hiyo ni pana kwa asilimia 40, hivyo inasukuma hewa nyingi zaidi.

Na ule uzito wa Bonham kwenye "When the Levee Breaks" ya 1971? Sehemu kubwa ni nyumba. Ngoma zilipigwa chini ya ngazi za Headley Grange, maikrofoni zikaning'inizwa juu. Hiyo dukani haiuzwi.

Basi jiulizeni: mtapiga wapi, na mna maikrofoni? Kama ni ukumbi mdogo wenye spika, 22 inatosha. Jifunzeni kuikaza vizuri. Kama ni uwanjani bila spika, hapo 26 ina hoja. Ila kumbukeni, ngoma ndogo zinazofungwa juu yake zitapanda pia, na mpigaji mfupi atateseka.