Somo la Radio: Ujumbe Hupitia Wapi Ndani ya Kompyuta?

Leo twasoma historia ya njia ya ujumbe.

Mwenye shauri katika kijiji cha karibu na Mikumi haendi moja kwa moja ofisi ya wilaya pale Kilosa. Huanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kijiji, kisha kata. Awezaye kulimaliza hulimaliza, nalo haliendi mbele.

Mwaka 1987 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa programu iitwayo HyperCard, kazi ya Bill Atkinson. Lugha yake, HyperTalk, ilitengenezwa na Dan Winkler. Ulipobonyeza kitufe, ujumbe uliondoka. Kitufe kisipokuwa na maagizo ya kuujibu, ulipanda kwenye kadi, kisha usuli, yaani sura ya pamoja ya kadi nyingi, kisha rundo zima la kadi, kisha rundo liitwalo Home, na mwisho HyperCard yenyewe.

Sasa sikilizeni palipokuwa na taabu. Tuseme umeandika maagizo ya kukadiria malipo ya wakata mkonge. Ukiyanakili katika marundo kumi, siku malipo yakibadilika utasahihisha mara kumi. Ukisahau moja tu, kuna mtu atapunjwa. Basi wengi waliyaweka katika Home. Lakini kila kompyuta ilikuwa na Home yake! Ukimpelekea mwenzako rundo lako, maagizo yalibaki kwako. Ujumbe ulipanda mpaka juu bila kupata mwenyewe, na HyperCard ikasema haielewi.

Toleo la pili, mwaka 1990, lilileta amri «start using», maana yake anza kutumia. Rundo lolote likaweza kuwekwa njiani kama maktaba, baada ya rundo lako na kabla ya Home. Ni kama bwana shamba mmoja wa vijiji vingi: wa kwenu wakishindwa, yeye huulizwa kabla ya wilaya. Na maktaba hiyo uliweza kumpelekea mwenzako pamoja na rundo.

Lakini angalieni, aliye karibu hujibu kwanza. Kadi yako ikiwa na agizo la jina lile lile, maktaba haisikii kitu, ila agizo hilo liupitishe ujumbe. Mtu aweza kutafuta kosa mbali kutwa nzima, kumbe liko mlangoni pake.

Apple iliacha kuuza HyperCard mwaka 2004. Njia ile ilirithiwa na MetaCard, kisha na LiveCode ya Edinburgh, na amri ile ile ikabaki.

Haya, chukueni kalamu. Andikeni ngazi zote kuanzia kitufe, na maktaba muiweke mahali pake.