Daktari Aliyegeuza Tuzo Yake Kuwa Karo



Ndugu msomaji, Ramadhani ikiingia, mikono yetu hufunguka. Tende, unga, mchele na sukari hufika mpaka kwa mjane wa mtaa wa mwisho. Alhamdulillah. Lakini Idi ikishapita na muhula ukaanza, mtoto wa mjane yule yule anarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Futari ni ya jioni moja, masomo ni ya miaka. Je, sadaka ya mwezi mmoja yaweza kumsomesha mtoto mpaka amalize? Hebu tumtazame mtu aliyelijibu swali hili kwa vitendo.

Dkt. Abdulrahman Al-Sumait alizaliwa Kuwait mwaka 1947. Alisomea udaktari Baghdad, akasomea maradhi ya nchi za joto Liverpool, Uingereza, kisha akaenda Canada kubobea katika maradhi ya tumbo. Angeweza kukaa kwao akala raha zake. Lakini mwaka 1981 yeye na wenzake walianzisha kamati ya kuwasaidia Waislamu wa Malawi. Kazi ikapanuka, ikaja kujulikana kama Africa Muslims Agency, na baadaye Direct Aid.

Walichimba visima, wakajenga misikiti na zahanati, wakalea mayatima. Njia moja waliyoitumia ni kafala: mfadhili mmoja anamchukua mtoto mmoja na kumlipia kila mwezi. Ni njia nzuri, ila ina udhaifu wake. Mfadhili akifa au akifilisika, mtoto naye amekwama.

Mwaka 1996 Al-Sumait alipewa Tuzo ya Mfalme Faisal kwa kuutumikia Uislamu. Fedha zake zilikuwa riyali 750,000 za Saudia. Hakuzitia mfukoni. Wala hakuzigawa zote siku moja, manake zingesomesha watoto wengi mwaka ule tu, na mwaka wa pili je? Alizifanya wakfu kwa elimu ya watoto wa Afrika. Sisi watu wa Pwani twaijua wakfu: nyumba imefungwa kwa ajili ya msikiti, haiuzwi wala hairithiwi, na kodi yake ndiyo inayowasha taa. Basi yeye taa yake ilikuwa ni mtoto darasani. Wazee walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Yeye hakuligusa buyu.

Matunda ya jumuiya yake si ya mbali. Mwaka 1998 ilifungua chuo cha ualimu Chukwani, Zanzibar. Leo ni chuo kikuu, na baada ya kifo chake kilipewa jina lake. Hapa kwetu Kenya, Chuo Kikuu cha Umma kule Kajiado, ambacho asili yake ni chuo cha sharia cha Thika, kimefadhiliwa na jumuiya hiyo hiyo. Al-Sumait alifariki tarehe 15 Agosti 2013. Yeye yuko kaburini, na vijana bado wanasoma.

Utasema, "Sisi si Wakuwaiti, riyali tutazitoa wapi?" Kweli. Tena serikali iliondoa karo ya shule za msingi mwaka 2003, na mwaka 2008 ikaanza kulipia masomo ya sekondari za kutwa. Lakini sare, chakula, nauli na bweni bado ni ukuta mbele ya yatima.

Basi vijana wa msikiti mmoja waanze na kidogo. Kila Ramadhani wachange sadaka, wanunue kitu chenye kuzaa: tuktuk, cherehani, au chumba cha kupangisha. Mtaji usiguswe, pato liende skuli. Hesabu zisomwe mbele ya watu. Na wachukue watoto wachache watakaoweza kuwafikisha mwisho, kwani mtoto aliyeachwa katikati ya njia huumia mara mbili. Ama zaka, hiyo ina watu wake maalumu, kwa hivyo muulizeni shekhe kabla ya kuichanganya na mfuko huu.

Ndugu yangu, mwaka huu ukipeleka kifurushi cha futari kwenye nyumba ile, uliza pia mtoto yuko darasa la ngapi, na nani atamlipia muhula ujao.

Allah atutakabalie funga zetu na sadaka zetu. Wabillahi tawfiq.