Kipimo cha presha: Kilichelewa kufika Kilwa, kisichelewe kuingia nyumbani

Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete, katika vilima vya Kilwa, waling'oa pamba waliyolazimishwa na Wajerumani kuilima, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Novemba mwaka huohuo, huko St. Petersburg nchini Urusi, daktari kijana wa upasuaji, Nikolai Korotkov, alisimama mbele ya wenzake akawaeleza njia mpya ya kupima shinikizo la damu. Funga mkanda kwenye mkono, ujaze upepo mpaka mshipa uzibe, kisha uachie upepo polepole huku ukisikiliza kwa kifaa ndani ya kiwiko. Mdundo wa kwanza unaousikia ndio namba ya juu. Pale sauti inapopotea ndipo penye namba ya chini. Maelezo yake yote hayakujaza ukurasa. Hata leo, muuguzi wa zahanati anayebonyeza mpira wa mashine ya presha anafuata hatua zilezile.

Korotkov alijengea juu ya kazi za waliomtangulia. Mwaka 1733, Mwingereza Stephen Hales alieleza jinsi alivyochomeka mrija kwenye mshipa wa farasi na kuona damu ikipanda ndani ya bomba la kioo zaidi ya futi nane. Hakuna binadamu ambaye angekubali kupimwa hivyo. Ilibidi kusubiri hadi 1896, Scipione Riva-Rocci wa Torino, Italia, alipotangaza mashine ya mkanda na safu ya zebaki. Ndiyo maana hadi sasa presha inahesabiwa kwa milimita za zebaki.

Mwaka mmoja kabla ya mashine hiyo, Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyepinga utawala wao, huko Kilwa Kivinje, mahali panapokumbukwa kwa jina la Mwembe Kinyonga. Jina hilo la Kinyonga sasa limebebwa na hospitali ya wilaya, ambako wazee wa Kivinje na vijiji vya jirani huenda kupimwa presha. Ila kati ya mwembe na mashine imepita miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo wataalamu waliamini kwamba ugonjwa wa presha ya juu haumhusu Mwafrika.

"Si ugonjwa wa huku"

Imani hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1929, daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini, magharibi mwa Kenya, alichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kupima watu 1,000. Aliona kwamba presha yao haikupanda kadiri umri ulivyosogea. Baada ya miaka 40 ilielekea kushuka. Miongoni mwa wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa katika hospitali yake, hakukuta hata mmoja mwenye shinikizo la juu.

Kwa watu wale, wakati ule, pengine alisema kweli. Kosa lilikuwa kuifanya kweli ya 1929 iwe ya siku zote. Huku kusini mwa Tanganyika, Leader Stirling, daktari Mwingereza aliyefika Lulindi, Masasi, mwaka 1935 na baadaye akafanya kazi Mnero, Nachingwea, alikuwa na upasuaji wa kutosha kumshughulisha usiku na mchana. Stirling huyo alikuja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania katika miaka ya 1970. Muongo huo ndio uliozaa kampeni kubwa ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, iliyokusanya watu kusikiliza redio na kujadili malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Watu walichimba vyoo na kufyeka vichaka. Presha haikuwa kwenye orodha.

Wakati huohuo maisha yalikuwa yanabadilika. Katika miaka ya 1980, watafiti waliwafuatilia Wajaluo waliohama vijijini kwenda Nairobi. Katika miezi michache tu mjini, presha yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao waliobaki nyumbani, na mkojo wao ulionyesha kuwa wanakula chumvi nyingi zaidi.

Tanzania nayo ikaanza kupima. Utafiti wa Ilala, Dar es Salaam, na Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta takriban watu wazima watatu katika kila kumi wana presha ya juu, na Hai ya vijijini haikuwa nyuma ya Dar. Kilichotisha zaidi ni kwamba katika kila watano wenye ugonjwa, hata mmoja kamili hakuwa anajua kwamba anao. Waliokuwa wameidhibiti hawakufika asilimia moja. Uchunguzi wa kitaifa wa 2012 ulipata asilimia 26 ya watu wa miaka 25 hadi 64 wakiwa na presha ya juu.

Presha isiyojulikana huishia kwenye moyo, figo au kiharusi. Utafiti mwingine uliofanyika Dar es Salaam ulionyesha kwamba wengi walikihusisha kiharusi na mapepo na uchawi. Imani hiyo si ngeni kwa mtu wa pwani. Mzee anaamka mdomo umepinda, mkono umelegea, na familia inatafuta mganga wakati saa za kuokoa ubongo zinakwisha.

Kutoka kliniki hadi nyumbani

Wazo la kupima nyumbani ni la zamani kuliko tunavyodhani. Mwaka 1940, madaktari Ayman na Goldshine wa Boston, Marekani, walionyesha kwamba vipimo vya nyumbani huwa chini kuliko vya kliniki, kwa sababu mgonjwa akimwona daktari moyo unamwenda mbio. Mashine za kidijitali za miaka ya 1970 zilimwondolea mtu haja ya kujua kusikiliza. Halafu mji mdogo wa wakulima nchini Japani, Ohasama, ukamaliza ubishi: matokeo yaliyotangazwa mwaka 1998 yalionyesha kwamba vipimo vya nyumbani hutabiri vifo vizuri zaidi kuliko kipimo cha siku ya uchunguzi.

Funzo la Ohasama linaihusu sana pwani ya Lindi. Mtu wa Songosongo au Kilwa Kisiwani anavuka maji ili afike hospitali. Wa bara anategemea barabara, na Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilibomoa madaraja ya Somanga, kusini nzima ikakatika na Dar es Salaam. Anayefika kliniki amechoka, ametembea, amepanga foleni, kisha anapimwa mara moja. Mvuvi hahukumu kusi kwa asubuhi moja. Presha nayo haihukumiwi kwa kipimo kimoja.

Na pwani hii ina chumvi kila mahali. Majaruba ya chumvi yapo Kilwa na Lindi, na ng'onda inayokaushwa juani imelowa chumvi kabla haijaingia chunguni, ambako huongezwa nyingine. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu tano kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, na hapo ng'onda imo kwenye hesabu.

Mashine ya nyumbani ina masharti. Chagua ya mkono wa juu, si ya kifundo, na mkanda unaotosha mkono. Ukibana sana, namba hupanda kwa uongo. Usipime umetoka kunywa kahawa, kuvuta sigara au kubeba ndoo. Nenda haja kwanza. Kaa kitini, egemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, utulie dakika tano bila kuongea. Pima mara mbili asubuhi kabla ya dawa, mara mbili jioni, kwa siku saba. Andika zote, hata zisizokupendeza. Acha za siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki. Ukifika 135 kwa 85 au kuzidi, mpelekee mtaalamu daftari lako. Ukikuta 180 kwa 120 pamoja na kifua kubana, ulimi kuwa mzito au upande mmoja kulegea, usipime tena: nenda hospitali saa hiyohiyo.

Mashine haitibu. Wengi huona namba imeshuka wakaacha vidonge, wasijue kwamba vidonge ndivyo vilivyoishusha.

Novemba 2019, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, mwana wa Ruangwa mkoani Lindi, alizindua mpango wa taifa wa kupambana na magonjwa yasiyoambukiza. Mpango huo hautafika Nandete wala Songosongo kwa hotuba. Watoto walioko Dar es Salaam wanaowatumia wazazi simu na vitenge, safari hii watume mashine ya presha. Moja inatosha nyumba nzima na jirani. Na mhudumu wa afya akiletewa daftari, alifungue na kulisoma kabla ya kuandika dawa.