Mirathi, Cherehani na Kompyuta ya Chogo: Kisa cha Mtabila



Sisi ni mawifi wawili. Mmoja wetu kwao Wete, Pemba. Mwenzake ni Muha, mzaliwa wa Kasulu. Wengi mnatujua kwa magauni ya bi harusi tunayowatumia kwa basi hadi Dar es Salaam na kwa boti hadi kwenu. Leo tunaweka mkasi chini, tuwasimulie historia kidogo, kwa sababu imetufunza jambo ambalo kila bi harusi anapaswa kulijua kabla ya siku yake.

Tunapoishi

Mtabila iko Kasulu, katika nyanda za juu za Kigoma. Jina hili wengi walilisikia kwa ajili ya kambi ya wakimbizi. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa Oktoba 1993, Warundi walivuka mpaka kwa makundi, na Mtabila ikawa mojawapo ya kambi zilizowapokea. Ilifungwa mwishoni mwa 2012. Leo kuna kikosi cha JKT, na sisi wanakijiji tunalima maharage na mahindi.

Siku zetu hazina makeke. Baada ya Alfajiri tunakwenda shamba. Jua likipanda tunarudi kwenye cherehani. Jioni ni ugali wa muhogo na dagaa wa Ziwa Tanganyika. Watoto wakishalala baada ya Isha, tunawasha kompyuta.

Msicheke. Ni kompyuta ya mezani ya zamani, yenye chogo nyuma kama televisheni za enzi zile. Tuliinunua kwa bei ya chakavu ofisi moja ilipokuwa inatoa vitu vyake vya zamani. Haina intaneti. Inakula umeme wa sola mpaka taa zinafifia, kwa hiyo tunaiwasha saa moja tu. Ndani yake tulikuta QBasic, programu ya miaka ya 1990 ya kuandikia programu nyingine, na kijana mmoja wa jirani akatuonesha hatua za mwanzo. Tulianza na hesabu ya vitambaa: ukiwa na wasindikizaji kumi wa bi harusi, wa vimo mbalimbali, utanunua mita ngapi? Ikawa ndiyo starehe yetu.

Mashine iliyojifunza kwa wafumaji

Baadaye tuligundua kwamba sisi mafundi hatukuvamia shughuli ya watu. Mwaka 1804, huko Lyon, Ufaransa, Joseph-Marie Jacquard alitengeneza mtambo wa kufuma ulioongozwa na kadi zenye matundu. Penye tundu, uzi mmoja unanyanyuka; pasipo tundu, unabaki chini. Ukibadilisha kadi, ua linabadilika.

Muingereza Charles Babbage aliazima kadi hizo katika mchoro wa mashine yake ya kukokotoa. Mwaka 1843 mwanamke, Ada Lovelace, akaandika maelezo marefu kuhusu mashine hiyo, pamoja na hatua za kuifanya ikokotoe namba fulani ngumu. Mashine yenyewe haikukamilika kamwe, lakini hatua zake wengi wanazihesabu kuwa programu ya kwanza iliyochapishwa.

Na kabla ya hao, Baghdad

Hapa ndipo tuliposema Subhanallah. Karibu miaka elfu moja kabla ya Ada, wakati wa Khalifa al-Ma'mun aliyetawala 813 hadi 833, aliishi Baghdad mwanachuoni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Jina lake, lilipoandikwa kwa Kilatini, ndilo lililozaa neno algoridhimu, yaani hatua zinazofuatana mpaka jibu lipatikane. Kutoka kwenye jina la kitabu chake tumepata neno aljebra.

Na kitabu hicho alikiandika kwa shughuli zipi? Biashara, upimaji wa ardhi, na sehemu kubwa kabisa ni wasia na mirathi. Qur'ani, katika Suratun Nisaa aya ya 11 na 12, ilikwisha weka mafungu. Watu wakahitaji njia ya uhakika ya kuyakokotoa, ili haki ya mjane na ya yatima isipotee kwa kukosea hesabu.

Kompyuta zilivyofika kwetu

Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni pia kwa upande wa Bara. Nyinyi Zanzibar mlikuwa mkitazama televisheni ya rangi wakati wenzenu Bara wanasikiliza redio! Marufuku ililegezwa taratibu miaka ya 1980, na ndiyo maana watu wengi wa umri wetu waliiona kompyuta wakiwa wakubwa.

Lugha tunayotumia, BASIC, ilibuniwa 1964 katika chuo cha Dartmouth, Marekani, na John Kemeny na Thomas Kurtz. Walitaka hata mwanafunzi asiyesoma sayansi aweze kuiamuru mashine. Mtindo wake wa zamani ni kuipa mistari namba: 10, 20, 30. Kwa nini isiwe 1, 2, 3? Ili ukisahau kitu uweze kukichomeka katikati. Fundi analijua hilo: unaacha kitambaa cha akiba pembeni mwa mshono, kwa sababu bi harusi anaweza kunenepa.

Usiku wa mstari wa 15

Jirani yetu alifiwa na mume. Wazazi wa marehemu walishatangulia; waliobaki ni mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Baada ya mazishi, mali ilithaminiwa shilingi 3,200,000. Shemeji mmoja akasema mjane atachukua kitanda na vyombo, yatosha.

Tulikuwa tumeshaandika programu ya mirathi. Tukaingiza warithi: mke thumuni, kinachobaki kwa watoto, wa kiume fungu la wawili wa kike. Skrini ikaandika: mke 400,000, mtoto wa kiume 1,400,000, kila binti 700,000. Tukamwambia kwa fahari. Akashukuru, akaondoka.

Kesho yake magharibi alirudi, akasimama mlangoni. "Wifi zangu, na ile mahari yangu? Hakuwahi kunimalizia. Ilibaki laki nne."

Tukatazamana. Mashine haikukosea, tulikosea sisi. Mahari isiyolipwa ni deni, na deni hutolewa kabla ya kugawa, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi. Mstari wa 10 uliuliza mali, wa 20 ukagawa. Tukachomeka mstari wa 15: toa madeni.

Hesabu ikabadilika. Kwanza mjane alipwe deni lake, 400,000. Zinabaki 2,800,000: mke 350,000, mtoto wa kiume 1,225,000, kila binti 612,500. Jumla mjane anapata 750,000. Usiku ule hatukulala vizuri. Kama asingerudi, tungemdhulumu karibu nusu ya haki yake, tena kwa kumwonea huruma.

Hatukutegemea kompyuta peke yake. Tulimpeleka kwa shekhe, akakokotoa kwa kalamu na kupata vilevile. Mashahidi wawili wa nikaha walikuwa hai, wakathibitisha deni. Kikao cha familia kikakubali, na shemeji yule akanyamaza.

Kwako bi harusi

Shoga, kabla hujachagua rangi ya gauni, hakikisha mahari yako imeandikwa: kiasi gani, kilicholipwa na kilichobaki. Kutaja hivyo mapema si uroho, na hakumaanishi unamtakia mtu kifo. Ukiwa Unguja au Pemba, Mahakama ya Kadhi ipo. Ukiwa Bara, muulize shekhe, na Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi ya Kiislamu. Usikubali kitanda na vyombo kwa sababu tu hukuuliza.

Allah awarehemu marehemu wetu, awalinde wajane na mayatima, na atusamehe tuliposahau. Amin.