Familia za Meru na askari wao waliopelekwa Asia

Katika kambi za jeshi la Marekani zilizoko barani Asia, kama vile Camp Humphreys nchini Korea Kusini na zile za kisiwa cha Okinawa nchini Japani, askari wengi huishi na wake zao, na watoto wao husoma katika shule zinazoendeshwa na Wizara ya Ulinzi. Wanaume wa Meru na Embu waliopelekwa Asia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hawakupata maisha ya namna hiyo. Kambi zao zilikuwa ng'ambo ya Bahari ya Hindi, ilhali familia zilibaki kwenye miteremko ya Mlima Kenya.

Kabla ya vita, baadhi ya askari wa King's African Rifles, maarufu kama KAR, waliruhusiwa kukaa na wake zao katika "laini", yaani nyumba za askari kambini. Vita vilipopamba moto, zaidi ya watu 300,000 waliandikishwa kutoka Afrika Mashariki. Divisheni ya 11, iliyoundwa mwaka wa 1943, ilisafirishwa hadi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kwa mazoezi ya vita vya msituni. Mwaka wa 1944 iliingia Burma, ikateremka bonde la Kabaw katika matope na malaria, na mwezi Desemba ikautwaa mji wa Kalewa.

Kwa mke aliyeachwa karibu na panapoitwa Makutano leo, nje kidogo ya mji wa Meru, Asia ilikuwa jina tu. Kilichomfikia kutoka huko ni fedha na barua. Askari aliweza kutenga sehemu ya mshahara wake ilipwe nyumbani kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Swali gumu lilikuwa nani azipokee: mke au baba mzazi? Aliyemtaja baba huenda mkewe akakosa hata fedha za chumvi. Aliyemtaja mke alionekana kuwadharau wazee. Magomvi ya aina hii yalikuwa mengi kiasi cha kuwashughulisha maafisa wa serikali, ambao pia walipokea barua za askari wakiuliza habari za mashamba, mifugo na uaminifu wa wake zao. Kazi za mume, kama kutunza viazi vikuu ambavyo kimila vilikuwa zao la wanaume, sasa zilihitaji mtu mwingine wa kuzifanya.

Barua zenyewe hazikuwa na siri. Mke asiyejua kusoma alisema la moyoni kwa Kimeru, karani au mwalimu akaliandika kwa Kiswahili, na huenda afisa wa jeshi akalikagua kabla halijasomwa kambini. Ni vigumu kudhani kwamba mambo ya ndani ya nyumba yalitajwa waziwazi mbele ya masikio mengi kiasi hicho. Hata hivyo, jeshi liliwafundisha askari wengi kusoma na kuandika, na baadhi yao wakaanza kuandika kwa mkono wao wenyewe. Likizo ya kurudi nyumbani ilikuwa haba. Wengi hawakuiona Kenya tena hadi vita vilipokwisha mwaka wa 1945, na wengine walingoja meli hadi mwaka uliofuata.

Wapo ambao hawakufika hata huko Asia. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa ikitoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives. Watu wapatao 1,300 walikufa, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Kwa familia zao hapakuwa na kaburi la kuzuru. Majina ya askari hao yamo katika Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita yaliyoko kando ya barabara ya Ngong jijini Nairobi.