Programu isiyojibu

Agosti nilikuwa nyumbani Mnyambe, wilayani Newala, nikikusanya simulizi za tasnifu yangu ya uzamili. Wazee nilikuwa nawauliza jambo moja: maji yalipatikanaje kabla ya mradi wa maji wa Makonde wa miaka ya 1950? Huku juu ardhi ni mchanga, mvua ikinyesha inazama, na maji yako bondeni. Bibi mmoja alinisimulia kwa dakika 52 jinsi walivyoamka usiku wa manane kushuka na mitungi, na jinsi wengine walivyoishia njiani.

Kompyuta yangu mpakato ilikuwa imeokota kirusi kwenye stesheneri, kwa njia ya flashi; kile kinachogeuza mafolda yote kuwa njia za mkato. Kinajiendesha kupitia wscript.exe. Nikaandika skripti fupi: tasklist iorodheshe programu zinazoendeshwa, na ikionekana ile, taskkill iizime. Ilifanya kazi vizuri hadi nikapata kiburi, nikaongeza mstari wa kuzima kila programu ambayo Windows inasema haijibu:

taskkill /F /FI "STATUS eq NOT RESPONDING"

Nikaipanga ijiendeshe kila baada ya dakika 5.

Jioni nikasafisha sauti ya Bibi, nikipunguza upepo na majogoo, kisha nikaihifadhi juu ya faili lilelile. Kwenye simu nilishaifuta kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. (Najua. Msimamizi wangu naye amenieleza.) Mashine ni kuukuu, ilipoanza kuandika faili, dirisha likapauka. Kwa Windows, dirisha lililokaa sekunde 5 bila kupokea ujumbe linahesabiwa kuwa halijibu, hata kama programu yenyewe iko kazini inahangaika. Skripti ikapita. Zikabaki dakika 9.

Mimi ni mtu wa historia, kwa hiyo hasira zangu ziliishia huko. Katika Unix, mfumo ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani, amri ya kuzima programu inaitwa kill. Watu wengi walitumia mashine moja, hivyo programu iliyokwama ilikuwa kero ya wote. Katika matoleo ya mwanzo, kill usipoipa namba ilituma ishara ya 9, ambayo programu haiwezi kuikwepa wala kujiandaa nayo, inakatwa tu. Toleo la saba, la mwaka 1979, likageuza mambo: kill ikawa inatuma namba 15, nayo ni ombi. Programu inaweza kulisikia, ikaandika ilichoshika mkononi, ikafunga mafaili, ndipo ikaondoka. Anayetaka 9 aiandike mwenyewe. Sisi mjadala huo ulitupita. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini.

taskkill ilikuja na Windows XP mwaka 2001, ikiwa na njia hizohizo mbili. Bila /F, dirisha linaombwa lifungwe. Ukiweka /F, hakuna kuombana. Ile /F niliinakili mahali bila kujiuliza ni ya nini.

Asubuhi nikarudi.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba. Umesahau nini?”

Nikamweleza. Alicheka, kisha akasema, “Yale nilishakupa, mjukuu wangu.” Hata hivyo alikaa, akasimulia tena njia, giza, uzito wa mtungi wakati wa kupanda. Dakika 20 hivi. Jana yake alikuwa amewataja kwa majina wasichana wawili ambao hawakurudi. Safari hii hakuwataja. Nilipomuuliza, alinyamaza akitazama uani.

Skripti nimeuondolea ule mstari wa pili. Rekodi ya siku ile ninayo katika sehemu tatu. Mwisho wake kuna dakika 4 za majogoo na upepo tu, na sijazisafisha.