Lukasa na swali la kuona

Lukasa ni ubao wa kumbukumbu wa Waluba wa Katanga: wa kushikika mkononi, mwembamba katikati, uso wake umepambwa kwa shanga, simbi au nakshi.

Mjuzi wa Mbudye, chama cha watunza kumbukumbu wa Waluba, huushika ubao kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha shahada cha kulia juu ya shanga huku akisimulia habari za Nkongolo Mwamba, mfalme katili, na Kalala Ilunga, mwana wa mwindaji Mbidi Kiluwe. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo yaweza kuwa mtemi na watu wake. Mstari wa shanga, njia. Mgeni haoni chochote kati ya hivyo. Hata wajuzi wawili hawalazimiki kusimulia mamoja, kwa kuwa hadhira na shauri lililopo huongoza kidole.

Je, mjuzi na mgeni wanaona kitu kimoja? Mwanafalsafa Norwood Russell Hanson, mwaka 1958, alijibu kwamba hapana: ujuzi umo ndani ya kuona kwenyewe, haubandikwi baadaye. Karne ya 11, mwanazuoni Ibn al-Haytham wa Basra alikwisha kuandika kwamba mengi tunayodhani jicho limeyaona ni hukumu ya haraka inayotegemea kumbukumbu.

Jibu hilo lina mpaka, na mpaka wenyewe huonekana mtu anapotazama ndani ya maji. Nuru hupinda itokapo majini, hivyo kina cha mita moja, kikitazamwa kutoka juu, huonekana kama sentimita 75 tu. Mvuvi wa mkuki anajua hayo na hulenga chini ya anapomwona samaki, lakini samaki hashuki machoni pake hata kidogo. Mwanafalsafa Jerry Fodor, mwaka 1983, alisimama upande huu: macho yana kazi ambazo elimu haizifikii.

Lukasa haimpingi Fodor. Rangi na umbo la shanga ni vilevile kwa wote; kinachofundishwa ni zipi zishikamane na zipi ziachwe, na mafunzo hayo hupita kidoleni pia. Kwa hiyo lukasa iliyofungiwa kwenye kabati la kioo, kama zinavyowekwa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, inabaki kutazamwa tu, haisomeki.